Umesoma wapi? Vyeti vya Afrika Mashariki na viti vya serikali nchini Oman

Safari hii tunavuka bahari hadi Oman, nchi ambayo wazee wa pwani yetu waliizoea kwa jina la Manga, na tunatua katika mji mdogo wa Samad Ash Shan, bara ya Sharqiyah, katika wilaya ya Al Mudhaibi.

Mgeni anayefika Samad huona kwanza mitende, kisha mifereji ya falaj inayogawa maji kwa zamu kutoka shamba hadi shamba. Katika miaka ya 1980 wanaakiolojia wa Kijerumani kutoka Jumba la Makumbusho ya Madini la mjini Bochum walichimba katika eneo hili. Makaburi ya kale waliyoyafukua yalikuwa na umuhimu mkubwa, hata wataalamu wakakipa kipindi kimoja cha historia ya Oman kabla ya Uislamu jina la Samad.

Lakini iko historia nyingine ya Sharqiyah ambayo haihitaji jembe wala sululu. Ni historia ya karne ya 20, ya watu waliotoka huku kwenda Afrika Mashariki, ya watoto wao waliosoma huko, na ya vyeti walivyorudi navyo.

Swali linalotuongoza katika makala haya ni fupi, nalo kila mhitimu anayeomba kazi ya serikali amepata kuulizwa, awe Muscat, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala: umesoma wapi?

Huulizwa kana kwamba jibu lake lina thamani moja siku zote. Historia ya Oman inatuonyesha vingine. Cheti kile kile kilichokuwa mzigo kwa mwenyewe kisiwani Unguja mwaka 1964 kilikuwa ufunguo mjini Muscat mwaka 1971. Na kizazi kimoja baadaye, ufunguo huo haukufungua tena mlango ule ule.

Kutoka Sur hadi Unguja

Watu wa Sharqiyah walikuwa wakisafiri na pepo za kaskazi kwenda Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Majahazi yao yaling'oa nanga katika bandari ya Sur. Sultan Said bin Sultan alipohamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, safari hizo zilizidi, na majina ya koo za Ibra, Al Mudhairib, Sinaw na Samad yakawa majina ya kawaida Unguja, Pemba, Tabora na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1861, kwa uamuzi uliosimamiwa na Waingereza, Muscat na Zanzibar ziligawanyika zikawa dola mbili. Hata hivyo watu hawakuacha kusafiri. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Oman ilikuwa nchi maskini, na mtu wa bara aliyetaka riziki alikwenda Afrika kufungua duka au kununua karafuu. Unguja na Pemba wageni hao wapya waliitwa Wamanga.

Walikuta huko kitu ambacho kwao hakikuwapo, nacho ni shule ya serikali.

Chini ya ulinzi wa Waingereza, Zanzibar ilikuwa na Idara ya Elimu tangu mwanzoni mwa karne hiyo, ilikuwa na chuo cha walimu, na ilikuwa na shule ya sekondari iliyowafikisha wanafunzi kwenye mtihani wa Cambridge. Wasichana nao walikuwa na shule yao. Waliofaulu vizuri zaidi walipelekwa Makerere, nchini Uganda, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na ambacho mwaka 1949 kilianza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London.

Makerere ndiko alikosoma Ali Muhsin Al-Barwani, ambaye ukoo wake una asili ya Sharqiyah, na ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Zanzibar nchi hiyo ilipopata uhuru Disemba 1963. Wengine walikwenda Uingereza. Kuanzia miaka ya 1950 kundi kubwa lilikwenda Cairo, ambako serikali ya Gamal Abdel Nasser ilitoa nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki.

Vyeti hivyo vilikuwa na kazi moja iliyojulikana na kila mzazi, nayo ni kumwingiza mtoto ofisini. Karani wa forodha, mwalimu, afisa wa kilimo, mhasibu wa hazina: hizo ndizo zilizokuwa ngazi za heshima.

Ngazi iliyowakasirisha wengi

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo katika masimulizi ya familia mara nyingi hupitwa haraka. Ngazi hizo hazikuwa wazi kwa wote. Watoto wa Kiarabu na wa Kihindi waliokaa mjini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika sekondari kuliko watoto wa Kiafrika wa shamba, na kwa hiyo ndio waliojaa zaidi maofisini.

Serikali ilipoanza kuwapa wenyeji nafasi zilizoachwa na Waingereza, ilitazama vyeti. Kwa maneno ilikuwa haki, kwani mwenye cheti alipata kazi. Lakini kwa yule ambaye mlango wa shule ulikuwa mwembamba tangu utotoni, cheti kilikuwa njia nyingine tu ya kumwambia arudi nyumbani. Chama cha Afro-Shirazi kililisema jambo hilo katika kampeni zake, na wengi walilisikia.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalikuwa na sababu nyingi, na makala haya hayawezi kuzibeba zote. Lakini swali la nani anakaa kwenye kiti cha ofisi lilikuwa mojawapo.

Baada ya mapinduzi, mizani iligeuzwa. Maafisa wengi wenye asili ya Kiarabu na Kihindi waliachishwa kazi, na baadaye nafasi za masomo ya sekondari zikawa zinagawanywa kwa kutazama asili ya mtoto. Kilichotazamwa sasa kilikuwa asili na msimamo wa mtu kabla ya alama zake. Ali Muhsin Al-Barwani alifungwa kwa takriban miaka kumi. Alifariki dunia mjini Muscat mwaka 2006.

Maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliuawa au kukimbia. Waliokimbia hawakuweza kubeba mashamba ya mikarafuu wala nyumba za mawe. Walichoweza kubeba ni watoto wao na karatasi chache, zikiwemo zile za shule.

Zanzibar nayo ilipoteza. Walimu, wauguzi, makarani na mahakimu wake walitawanyika, na pengo hilo lilichukua miaka mingi kuzibika.

Nchi isiyo na makarani

Wakimbizi hao hawakupokelewa Oman kwa mikono miwili. Sultan Said bin Taimur, aliyetawala tangu mwaka 1932, hakuwa mtu wa kukaribisha wageni wala elimu. Hata Waomani wa bara waliotoka kwenda kusoma nje walijua kwamba huenda wasiruhusiwe kurudi. Kwa hiyo wengi wa waliotoka Zanzibar walikwenda Dubai, Kuwait, Bahrain, Cairo na Uingereza, wakafanya kazi walizozipata.

Kisha ikaja Julai 23, 1970. Qaboos bin Said alichukua madaraka kutoka kwa baba yake.

Nchi aliyoichukua ilikuwa imeanza kuuza mafuta nje mwaka 1967, lakini ilikuwa na shule tatu tu za kisasa za serikali, zenye wanafunzi takriban 900, wote wavulana. Shule hizo zilikuwa Muscat, Matrah na Salalah. Katika Samad, Ibra na Nizwa mtoto alisoma Kurani na, akiwa na bahati, fiqhi na nahau mbele ya sheikh.

Tusiidharau elimu hiyo. Nizwa ilikuwa makao ya Maimamu wa Kiibadhi na mji wa wanazuoni kwa karne nyingi, na maulamaa wa Oman waliheshimiwa hadi Zanzibar. Abu Muslim Al-Bahlani, mshairi mkubwa wa Oman aliyefariki dunia mwaka 1920, alikuwa kadhi Zanzibar. Lakini serikali mpya ilihitaji wizara, hospitali, benki, simu, viwanja vya ndege na hesabu za mafuta. Kwa kazi hizo elimu ya msikitini peke yake haikutosha.

Ndipo wito ukatolewa kwa Waomani waliokuwa nje warudi. Tariq bin Taimur, ami yake Sultan Qaboos na Waziri Mkuu wa kwanza, naye alikuwa amerudi kutoka uhamishoni.

Tumfikirie basi mtu wa aina iliyokuwa ya kawaida wakati huo. Wazazi wake walitoka Samad. Yeye alizaliwa Unguja, akafaulu mtihani wa Cambridge, akafanya kazi ya ukarani kwa miaka mitatu, akakimbilia Dubai. Mwaka 1971 anashuka Muscat akiwa na cheti cha sekondari na Kiingereza kizuri. Katika nchi nyingi mtu huyo angeanza chini kabisa. Katika Oman ya mwaka huo, alikuwa miongoni mwa wachache walioweza kuandika barua ya kiserikali, kuweka mafaili na kuzungumza na mshauri wa Kiingereza bila mkalimani. Angeweza kupewa idara.

Na aliyekuwa na shahada, iwe ya Makerere, ya London au ya Cairo, angeweza kupanda juu zaidi na kwa haraka.

Wanawake walinufaika kwa namna ya pekee. Kabla ya mwaka 1970 hapakuwa na shule ya serikali ya wasichana nchini Oman. Mabinti waliosoma Unguja au Cairo ndio waliokuwa tayari kushika kazi za ualimu, uuguzi na ukatibu, na sura zao zilikuwa miongoni mwa za kwanza za Waomani wanawake kuonekana katika ofisi za Muscat.

Lugha ndiyo iliyogawa wizara

Hata hivyo, si kila mlango ulifunguka. Mtu huulizwa amesoma wapi, lakini mara nyingi linalotakiwa kujulikana ni amesoma kwa lugha gani.

Waliotoka Afrika Mashariki walikuwa na Kiingereza na Kiswahili, lakini wengi wao Kiarabu chao cha kuandika kilikuwa dhaifu. Kwa hiyo walionekana zaidi pale ambapo Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya kazi, kama vile katika shirika la mafuta la PDO, mabenki, afya, mawasiliano na vyombo vya usalama. Mtafiti wa Kifaransa Marc Valeri, katika makala yake ya mwaka 2007 kuhusu Waomani wanaozungumza Kiswahili, ameeleza kwa kirefu jinsi ujuzi huo ulivyowapa nafasi katika dola mpya.

Upande wa pili, mahakama za sharia, mambo ya wakfu, na mambo ya ndani ambayo yalihitaji kuzungumza na masheikh wa makabila, yalikuwa ya wale waliolelewa bara na kusoma kwa Kiarabu. Waomani waliosoma Cairo, Baghdad au Kuwait waliingia hapo kwa urahisi zaidi. Wale waliosoma Cairo wakitokea Zanzibar walikuwa na bahati ya pekee, maana walikuwa na lugha zote mbili, na Kiswahili juu yake.

Waliosoma katika nchi za kikomunisti walitazamwa kwa jicho la wasiwasi, kwa kuwa vita vya Dhofar vilikuwa vikiendelea, na waasi walikuwa wakisaidiwa na nchi hizo. Lakini njaa ya wasomi ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata historia ya siasa ilisamehewa. Yusuf bin Alawi, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa na vuguvugu la ukombozi la Dhofar, alikuja kushika dhamana ya mambo ya nje ya Oman hadi mwaka 2020.

Serikali isiyo na wasomi haina uwezo wa kuchagua vyuo. Humpokea kila mwenye kalamu, na siku wasomi watakapozidi ndipo huanza kuuliza maswali.

Nani mgeni, nani mwenyeji

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Oman ilipona kwa sehemu kubwa kwa mikono ya waliorudi. Lakini nani alikuwa mgeni?

Waliorudi walijiona wenyeji waliorejea kwao. Waliobaki, ambao walivumilia miaka ya ufukara, waliwaona watu wenye Kiarabu cha kubabaisha, wenye mavazi na mapishi mengine, wakikaa kwenye viti vya Muscat. Jina likapatikana: Zinjibari. Liliwahusu wote waliozungumza Kiswahili, hata yule aliyezaliwa Mombasa, Kigoma au Bujumbura na ambaye hakupata kuiona Zanzibar maishani mwake.

Manung'uniko yalikuwa ya kawaida: kwamba Wazinjibari wanavutana kazini, kwamba ofisi fulani huzungumzwa Kiswahili tu, kwamba mtoto wa bara hana wa kumshika mkono. Waliorudi nao walikuwa na manung'uniko yao: kwamba hufanyishwa kazi kwa ajili ya ujuzi wao, kisha uraia na uzalendo wao hutiliwa shaka.

Msikilizaji, haya ni manung'uniko ambayo Unguja iliyajua kabla ya mwaka 1964, ila safari hii watu wamebadilishana nafasi. Huko nako kundi lililosoma mapema lilikaa ofisini, na kundi lililochelewa shule lilikaa nje likitazama. Na baadhi ya waliokuwa wakinufaika Muscat walikuwa wale wale ambao familia zao zilikuwa zimeonja uchungu wa hasira hiyo.

Kwa nini basi Oman haikufuata njia ile? Sababu ni nyingi, zikiwemo fedha za mafuta na nguvu ya dola. Lakini mojawapo ni kwamba mlango wa shule ulipanuliwa upesi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 nchi ilikuwa na shule zaidi ya 200 na wanafunzi zaidi ya 50,000, wavulana kwa wasichana, wakifundishwa zaidi na walimu kutoka Misri, Jordan na Sudan. Mtoto wa Samad hakuhitaji tena kupanda jahazi ili ajue kusoma na kuandika.

Chuo cha nyumbani

Kilichokosekana kilikuwa chuo kikuu. Hadi katikati ya miaka ya 1980, kijana wa Oman aliyetaka shahada alilazimika kwenda nje, na swali la wapi amesoma lilikuwa na majibu mengi kama zilivyo nchi zenyewe.

Mwaka 1980 Sultan Qaboos alitangaza kwamba nchi itajenga chuo chake. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986 huko Al Khoud, nje ya Muscat, kikiwa na wanafunzi takriban 500 wa mwanzo, katika fani za udaktari, uhandisi, kilimo, sayansi, na ualimu pamoja na masomo ya Kiislamu. Kuingia kulitegemea alama za mtihani wa mwisho wa sekondari, na masomo yalikuwa bure.

Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yanavyoonekana. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa tende wa Samad, mtoto wa mvuvi wa Sur na mtoto wa Mzinjibari wa Muscat walifanya mtihani mmoja, wakakaa darasa moja, wakatoka na cheti chenye jina moja. Masomo ya sayansi yalifundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo ile faida iliyokuwa ya waliorudi ikaanza kugawanywa kwa wote. Watoto wa waliorudi nao walikua wakisoma kwa Kiarabu shuleni, na udhaifu wa wazazi wao ukatoweka.

Kwa wahitimu wa kwanza, ajira haikuwa tatizo. Wizara ziliwasubiri. Jina la chuo hicho likawa, na hadi leo limebaki, lenye uzito wa kwanza mbele ya meza ya usaili.

Gharama moja ya mafanikio hayo haikuandikwa popote. Kiswahili hakikuhitajika tena kwa kazi wala kwa shule. Katika nyumba nyingi za Ibra na Samad kilibaki lugha ya bibi na ya jikoni, na wajukuu wengi wanakielewa bila kukizungumza.

Vyuo vingi, viti vichache

Chuo kimoja hakikutosha. Katika miaka ya 1990 serikali iliruhusu vyuo vya binafsi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyuo vikuu vya binafsi vikaanza. Sohar kilitangulia mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Nizwa kilipokea wanafunzi mwaka 2004. Sur ilipata chuo chake, na baadaye Chuo Kikuu cha Sharqiyah kikaanzishwa mjini Ibra. Mwaka huo huo wa 2004 Rawya Al Busaidi aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu ya Juu.

Kwa wazazi wa Samad ilikuwa neema. Binti aliyekuwa hawezi kuruhusiwa kwenda kuishi mbali sasa aliweza kusoma Ibra au Nizwa na kurudi nyumbani.

Lakini kila cheti kipya kilileta swali jipya. Je, cha binafsi ni sawa na cha Al Khoud? Cha chuo cha ufundi je? Cha chuo cha nje kilichosomwa kwa masafa? Serikali ikaunda chombo cha kusimamia ubora wa vyuo, na vyeti vya nje vikawa lazima vithibitishwe kwamba vinalingana na vya ndani kabla ya kutumika kuombea kazi. Nafasi za serikali zikawa zinashindaniwa kwa mtihani na usaili.

Ile Oman ya mwaka 1971, iliyopokea cheti cha sekondari kwa shukrani, ilikuwa imekwisha.

Februari 2011, wimbi la maandamano ya nchi za Kiarabu lilipofika Sohar, ombi la kwanza la vijana lilikuwa kazi. Sultan Qaboos aliamuru nafasi za kazi 50,000 zitolewe, na wasio na kazi walipwe posho ya riali 150 kwa mwezi. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014, serikali ilibana tena ajira. Sultan Qaboos alifariki dunia Januari 10, 2020. Mei 2021 vijana waliingia tena barabarani Sohar na miji mingine, na Sultan Haitham bin Tariq akaagiza nafasi 32,000.

Idadi hizo zinaeleza hali kwa uwazi. Safari hii vijana walikuwa wamesoma, na wengi wao walikuwa na vyeti vizuri. Kilichopungua ni viti.

Mwaka 2020 vyuo vya teknolojia na vya sayansi tumizi vya serikali, vikiwemo vya Ibra, Nizwa na Sur, viliunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja chenye matawi. Aliyesoma Ibra na aliyesoma Muscat sasa hutoka na cheti chenye jina moja. Ni hatua ya kupunguza uzito wa swali la wapi, ingawa haiongezi hata kiti kimoja.

Afrika Mashariki ilitangulia

Wasikilizaji wetu wa Tanzania, Kenya na Uganda watakuwa wameitambua njia hii, maana sisi tuliipita mapema.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria. Nchi ilikuwa karibu kupata uhuru na wasomi walihesabika. Aliyetoka Makerere miaka hiyo alikuta kazi ikimngoja. Benjamin Mkapa, aliyehitimu Makerere mwaka 1962, aliingia moja kwa moja katika utumishi wa serikali ya Tanganyika na hatimaye akawa Rais.

Kwa miaka mingi serikali ya Tanzania iliwapangia kazi wahitimu wake. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya kurekebisha uchumi, utaratibu huo ulikoma. Leo nafasi moja ya serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na wanaofika kwenye usaili wanaweza kuwa mamia. Vyuo vimeongezeka, na minong'ono ya nani amesoma chuo gani imeongezeka pamoja navyo.

Wala si sisi peke yetu. Ufaransa ilianzisha shule yake ya utawala, ENA, mwaka 1945, kwa nia njema ya kuwapata watumishi kwa mtihani badala ya jina la ukoo. Shule hiyo ikatoa marais wanne, na wananchi wakaanza kuilalamikia kwamba imekuwa ukoo mpya. Emmanuel Macron, ambaye mwenyewe alisoma hapo, alitangaza kuifuta mwaka 2021.

Turudi Samad

Turudi, msikilizaji, kwenye mitende na falaj. Wazee wa Samad wana utaratibu wa kugawa maji ambao umedumu kwa karne nyingi. Kila shamba lina zamu yake inayojulikana, na hakuna anayeuliza mwenye shamba alizaliwa wapi. Lakini utaratibu huo unafanya kazi kwa sababu kuna maji. Mfereji ukikauka, hata mgawo wa haki huleta ugomvi.

Historia tuliyoisimulia inafanana na hayo. Pale shule zilipokuwa chache, chuo alichosoma mtu kilikuwa jina lingine la mahali alipozaliwa na mali aliyokuwa nayo baba yake, na watu walilijua hilo hata kama sheria ilisema mwenye cheti apewe kazi. Zanzibar ililipa gharama kubwa kwa kulipuuza. Oman ilipanua mlango wa shule, na hasira ya waliobaki bara haikugeuka moto. Lakini foleni haikwisha. Ilisogea tu kutoka mlango wa shule hadi mlango wa ofisi.

Mhitimu wa leo wa Ibra hashindani tena na Mzinjibari mwenye Kiingereza. Hushindana na binamu yake, mwenye cheti kama chake, kwa kiti kimoja. Akiambiwa kwamba kosa lake ni chuo alichosoma, huenda ni kweli kwa kiasi. Lakini babu yake, au jirani ya babu yake, alipewa idara nzima kwa cheti cha sekondari cha Unguja, na hakuwa na akili kumshinda mjukuu. Alikuwa amefika wakati viti vilikuwa vitupu.

Hilo ndilo la kukumbuka kila tunaposikia chuo kimoja kikisifiwa na kingine kikibezwa. Kabla ya kumuuliza kijana amesoma wapi, ni vyema kwanza tuhesabu viti.